Niletee Word, hiyo PDF baki nayo

Duka langu liko Ngara, Nairobi, ghorofa ya kwanza, juu ya muuza viatu. Bango la mlangoni linataja kazi za kawaida: kuchapa, kutoa kopi, kuskani, kubaindi, kujaza fomu za serikali mtandaoni. Kazi ninayotaka kuizungumzia leo haiko kwenye bango. Ilijileta yenyewe watu walipoanza kuja na visomaji vya vitabu, hivi vyenye skrini isiyong'aa, wakitaka faili zao zisomeke humo bila kuumiza macho. Wengi wameletewa na shangazi au binamu aliye Marekani. Hapa vyote huitwa Kindle, hata kikiwa Kobo.

"Anti, nimekutumia kwa WhatsApp, nigeuzie iingie kwa Kindle."

Faili huwa imeshafika kabla sijaitikia salamu. Jina lake ni FINAL FINAL 2, na ni PDF. Nami huuliza swali lilelile: Word yake iko wapi?

Kuna wanaodhani nakwepa kazi. Mmoja alinijibu kwamba kuna saiba ng'ambo ya barabara inayogeuza chochote kwa dakika moja. Sikubisha. Kugeuza kwa kubonyeza kitufe ni rahisi: PDF inaingia, EPUB, yaani faili ya visomaji hivi, inatoka, hela inalipwa. Kisha mteja anafika nyumbani, anafungua, anakuta nambari ya ukurasa imekaa katikati ya sentensi, jina la chuo linajirudia kila baada ya aya mbili tatu, na maneno yaliyokatwa mwishoni mwa mstari yamebaki na vistari vyao: "mwana- funzi", "uta- fiti", "mapende- kezo". Anasoma kurasa nne, anakirudisha kisomaji kwenye droo, anasema hivi vitu vya wazungu havina maana.

Lawama iangukie PDF. Adobe waliitoa mwaka 1993 wakiwa na shabaha moja: waraka uonekane vilevile kwenye kila kompyuta na kila printa. Shabaha hiyo waliipiga sawasawa, na ndiyo maana mimi mwenyewe sikubali kuchapisha barua ya mtu kutoka Word ikiwa anaweza kunipa PDF. Lakini ndani ya PDF ya kawaida hakuna aya. Kuna herufi, na kila kikundi cha herufi kimeambiwa kikae wapi kwenye karatasi. Wewe unaona kichwa cha sura. Faili inajua tu kwamba kuna herufi nene, kubwa kuliko nyingine, mahali fulani juu kushoto. Haijui kwamba mstari huu unaendelea na ule wa chini yake. Kuidai PDF ikupe maandishi yanayotiririka ni kuudai ugali urudi kuwa unga. Hata Calibre, programu ninayoitumia kuliko zote, imeandikwa wazi kwenye mwongozo wake kwamba PDF ni miongoni mwa maumbizo mabaya kabisa ya kuanzia kazi hii.

Tena piga hesabu ya karatasi. A4 ina upana wa milimita 210. Skrini ya inchi 6, ambayo ndiyo wengi wanayo, ina upana wa milimita 90 hivi. Ukiibana A4 iingie humo, herufi ya pointi 12 inashuka hadi kama pointi 5, ile ya maandishi ya nyuma ya pakiti ya dawa. Ukiivuta kwa vidole ili iwe kubwa, nusu ya mstari inatoka nje, unaanza kusukuma kushoto na kulia kila mstari. Hakuna anayemaliza tasnifu hivyo.

EPUB ni kitu kingine kabisa. Chukua faili yoyote ya EPUB isiyofungwa kwa kufuli ya muuzaji, badilisha mkia wa jina lake uwe .zip, kisha uifungue. Utakuta kurasa za HTML kama za tovuti, faili ya CSS inayoeleza mwonekano, picha, na orodha ya yaliyomo. Karatasi haimo. Kisomaji ndicho kinachopanga mistari, kwa upana wa skrini yake na kwa ukubwa wa herufi aliouchagua mwenye macho. Kwa hiyo mimi sipambi kitu. Kazi yangu ni kuondoa kila uamuzi ambao mwandishi aliufanya kwa ajili ya karatasi, ili msomaji abaki na uamuzi wake. Nikiambiwa nilipishe kwa kila nilichokifuta badala ya kila nilichokiweka, ningekuwa nimeshajenga Githurai.

Ndiyo maana naitaka Word. Ndani yake aya bado ni aya.

Hata hivyo, Word za watu wetu zina mambo. Mtu hataki sura mpya ianzie chini ya ukurasa, basi anabonyeza Enter mpaka afike ukurasa unaofuata. Anataka aya iingie ndani kidogo, anapiga nafasi tano. Kichwa cha sura amekinenepesha na kukiweka katikati kwa mkono, hakukiambia Word kwamba ni kichwa. Kwenye karatasi hakuna atakayejua. Kwenye kisomaji, zile Enter zinakuwa skrini tupu unazozipitia ukidhani kifaa kimekwama, na kwa kuwa hakuna kichwa kilichotambulishwa, yaliyomo hayapo. Kitabu cha kurasa 300 bila yaliyomo unaweza kusoma tu kwa kufuata foleni.

Basi huanza hivi. Ninafungua kisanduku cha kutafuta na kubadilisha, ninafuta Enter zilizofuatana na nafasi zilizofuatana. Ninapita vichwa vyote na kuvipa mtindo wa kichwa ulio kwenye orodha ya mitindo: sura ngazi ya kwanza, vijisehemu ngazi ya pili. Ninaondoa kichwa cha ukurasa na nambari za kurasa. Ninaondoa rangi. Hili la rangi watu hulipinga, hasa wanafunzi waliopaka maelezo ya maana buluu hafifu au wakayapitishia wino wa manjano. Lakini skrini hizi nyingi zina weusi, weupe na vivuli vya kijivu kati yake, na buluu hafifu ikishafika huko inakuwa kijivu juu ya kijivu. Kama neno lina uzito, linenepeshe. Fonti pia ninaitoa, na ukubwa wake, na ile nafasi ya mstari na nusu ambayo vyuo huishurutisha. Msimamizi wa tasnifu hayupo ndani ya Kindle yako.

Baada ya hapo kugeuza kwenyewe ni kazi ndogo. Calibre ni ya bure, ilianzishwa na Kovid Goyal mwaka 2006 kwa sababu alikuwa na kisomaji cha Sony ambacho hakikuelewana na Linux, na mpaka leo inaendelea kusahihishwa. Inasoma .docx, haisomi zile .doc za zamani, kwa hiyo hizo huzipitisha LibreOffice, programu ya nyaraka kama Word, kwanza na kuzihifadhi upya. Faili ikiwa safi natumia Pandoc, programu nyingine ya kugeuza, ambayo ni amri ya mstari mmoja tu: pandoc kazi.docx -o kazi.epub. Asiye na kompyuta anaweza kupandisha waraka wake kwenye Google Docs akitumia kompyuta ya mtu kwa dakika chache, akaupakua kama EPUB. Inatosha kwa barua na insha.

Haitoshi kwa sheria. Wanafunzi wa sheria ni wateja wangu wazuri, wanalipa na wanasoma kweli. Walichonifunza ni kuogopa nambari. Chukua Katiba yetu ya 2010: vifungu 264 katika sura 18, na majedwali 6 mwishoni. Kifungu kina vijifungu vya (1) na (2), ndani yake kuna (a) na (b), wakati mwingine ndani zaidi kuna (i) na (ii). Mtu akikwambia kifungu cha 43(1)(d), anamaanisha haki ya maji safi, si kingine. Sasa, nyaraka nyingi za Word zina nambari zinazojiandika zenyewe, na zikigeuzwa kuwa HTML zinakuwa orodha za kawaida. Mabano yanaweza kudondoka, (d) ikawa "d." au ikawa "4.", na orodha iliyokatizwa na aya katikati ikaanza kuhesabu upya. Kwenye riwaya hilo ni doa. Kwa mtu anayejiandaa kusimama mbele ya hakimu ni hatari. Kwa hiyo waraka wowote wa sheria, kabla ya kitu kingine chochote, ninazigeuza nambari zote ziwe maandishi ya kawaida yaliyopigwa, ndipo niendelee. Kisha kila kifungu kinapewa kichwa cha ngazi ya pili ili kiingie kwenye yaliyomo, na mwanafunzi anaweza kuruka kutoka kifungu cha 7, kinachoitaja lugha ya taifa, hadi cha 43 kwa miguso miwili. Yaliyomo ya mistari 264 yanaonekana marefu mno mpaka siku unapoyahitaji.

Nizungumzie mashairi sasa, maana ndiyo yaliyonifanya nianze kuandika haya yote.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Pangani, mzee wa heshima zake, ametunga mashairi tangu enzi za kuyatuma magazetini kwa posta. Ana mtoto wa jicho, na bintiye alimnunulia kisomaji ili aweze kukuza herufi. Diwani yake, ambayo haijachapishwa, ilikuwa PDF. Mtu fulani alimgeuzia. Mzee alipanda ngazi zangu polepole, akakaa, akanipa kifaa nikione.

"Binti yangu, mimi nilitunga tarbia. Hawa wamenipa insha."

Na kweli ilikuwa insha. Beti zote zilikuwa zimeyeyuka kuwa aya, vituo vimemezwa katikati ya mistari. Sababu yake ni hii: programu ikiyatoa maandishi kwenye PDF, inakuta kila mstari umekatwa mwishoni kwa sababu karatasi iliisha, na inajaribu kuiunganisha mistari hiyo irudi kuwa aya. Itajuaje mstari upi umekatwa na karatasi na upi umekatwa na mtunzi? Inaangalia urefu. Calibre ina kipimo cha kuunganisha mistari ambacho usipokigusa ni 0.45, ukikipandisha inaunganisha michache zaidi. Sasa shairi la mizani 16, yaani silabi 16, kila mshororo, urefu wa mistari unakaribia kulingana mwanzo hadi mwisho. Mbele ya macho ya programu hiyo ni nathari safi iliyopangwa vizuri ndani ya pambizo. Ustadi wa mzee katika urari wa mizani ndio uliomponza.

Nilimwomba daftari lake la mkono na tukachapa upya, mimi na kijana wangu wa dukani. Sioni njia nyingine ya kweli. Unaweza kucheza na kile kipimo, unaweza kukizima, lakini mashairi ni machache kwa maneno na mengi kwa mipaka. Kuyachapa ni haraka kuliko kuyafukuzia mipaka yake.

Kisha likaja tatizo la pili, ambalo hata Word nzuri isingeliondoa. Mshororo wa mizani 16 haukai kwenye mstari mmoja wa skrini ya inchi 6 ikiwa herufi ni kubwa kwa kadiri ya macho ya mzee. Kisomaji kinaukata kinapoona panafaa, tuseme baada ya mizani 11, halafu mizani 5 zinaning'inia chini peke yake. Ukisoma kwa sauti unapoteza mahadhi palepale. Nikamweleza kwamba kukata hakuepukiki, ila tunaweza kukata sisi wenyewe, pale alipokata yeye: kwenye mkato, ukwapi (nusu ya kwanza) juu, utao (nusu ya pili) chini yake. Mizani 8 zinakaa vizuri hata herufi zikiwa kubwa sana.

Mzee hakupenda. "Tarbia ina mishororo minne. Wewe unanitolea minane."

Tulibishana kwa adabu, chai ikaletwa. Alikuwa na haki, na mimi nilikuwa na skrini ya inchi 6. Tulichoafikiana ni kwamba utao uingie ndani, uonekane waziwazi kuwa ni nusu ya mshororo uliotangulia, na ukwapi pekee ndio uanzie ukingoni. Hivyo ukihesabu mistari inayoanzia kushoto kabisa unapata minne. Kila ubeti una nambari yake. Kwenye CSS nimeongeza vitu viwili: kipande kikirefuka kuliko skrini, mabaki yake yashukie ndani zaidi kuliko utao, na ubeti usigawanywe kati ya skrini mbili ikiwezekana. Nafasi kati ya beti nimeiweka kwa CSS, si kwa mistari mitupu, kwa sababu baadhi ya mipangilio ya kugeuza hufagia mistari mitupu yote. Tenzi zake mbili hazikuhitaji lolote kati ya haya. Mizani 8 kwa mshororo, mishororo minne, kama vile watunzi wa zamani walizipimia skrini hii.

Kuhusu fonti tulijaribu mbili, kwa kuwa visomaji vya Kindle vya miaka ya karibuni na vya Kobo hukubali fonti zako ukiziweka kwenye folda iitwayo fonts. Ya kwanza ni Atkinson Hyperlegible, iliyotolewa mwaka 2019 na Braille Institute ya Marekani kwa ajili ya wenye uoni hafifu. Ndani yake l ndogo, I kubwa na tarakimu 1 hazifanani hata kidogo. Ya pili ni Andika, ya shirika la SIL, iliyotengenezewa wanaojifunza kusoma. Zote ni za bure. Mzee alichagua Andika, na nadhani jina lilichangia.

Maneno yetu marefu nayo yana shida zao. "Hawakutufahamisha" ni neno la kawaida kabisa, nalo lina herufi 17. Ukikuza herufi, mstari mzima unabaki na nafasi ya herufi 25 hivi. Neno halitoshi, linashuka zima, na kwa kuwa kisomaji kimeamriwa kunyoosha kingo zote mbili, maneno mawili yaliyobaki juu yanatanuliwa mpaka katikati pakawa na uwanja. Kiingereza hakipati adha hii kwa kiasi hichi. Maneno yake ni mafupi, na visomaji vinajua pa kuyakata.

Hatua ya kwanza ni kuiambia faili ni ya lugha gani. Kwenye Calibre kuna kisanduku cha lugha katika maelezo ya kitabu; andika Kiswahili, nayo ndani ya faili itaweka sw. Faili nyingi ninazoletewa zinadai ni za Kiingereza kwa sababu Word ya mchapaji ilikuwa ya Kiingereza, na kisomaji kikiamini hivyo kinaweza kukata maneno yetu kwa kanuni za Kiingereza, ukakuta ng' imebaki juu na ombe wake wako chini. Hatua ya pili ni kuzima kunyoosha kingo zote. Acha ukingo wa kulia uwe na mapengo. Watu waliozoea magazeti huona ni uchafu kwa dakika tano za kwanza.

Hatua ya tatu ni ya wenye subira. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, kwa hiyo kanuni ya kukata ni nyepesi mno: baada ya irabu, kabla ya konsonanti inayofuata, mradi usiache herufi moja pekee mwanzoni au mwishoni mwa neno. Kuna herufi maalumu iitwayo kistari laini, isiyoonekana mpaka mstari uihitaji. Kwenye kihariri cha Calibre unaweza kuipandikiza kitabu kizima kwa rejeksi moja, yaani kanuni moja ya kutafuta na kubadilisha. Maneno ya kukopa kama "labda" yatakatwa vibaya kidogo, la-bda, lakini hakuna aliyewahi kunirudishia kitabu kwa sababu ya labda. Onyo ni moja tu: kwenye baadhi ya visomaji, kutafuta neno ndani ya kitabu kunaweza kukwama likiwa limejaa vistari visivyoonekana. Fanya hili mwisho kabisa, na uhifadhi nakala isiyo navyo. Na kabla ya yote, hakikisha kile kijimkato cha ng' ni cha aina moja kitabu kizima. Nimeona waraka mmoja wenye aina nne za kijimkato hicho, mmojawapo ukiwa ni alama ya kufungua usemi.

Kila faili ninayogeuza naisoma kurasa chache mwenyewe kwenye matatu ya 45, Githurai hadi Ngara. Jua la Thika Road likipiga dirishani simu inakuwa kioo cha kujitazamia, lakini skrini hizi zinatumia mwanga uleule wa nje, chembe nyeupe na nyeusi zikipanda na kushuka ndani ya vifuko vidogo mno, na zikishakaa hazitumii stima mpaka ugeuze ukurasa. Gari likiyumba pale Allsops na bado najua niko mstari upi, faili imefaulu. Nikijikuta natafuta mahali sentensi ilipoendelea, narudi nayo dukani. Abiria wa kando huwa wanasoma pia. Sijawahi kumkataza mtu.

Sasa, Word ikiwa haipo kabisa. Hapo kuna PDF za namna mbili, na unazitofautisha kwa kujaribu kuchagua neno kwa kipanya. Likichagulika, maandishi yamo. Lisipochagulika, umeletewa picha.

Yenye maandishi, na ikiwa ni nathari ya safu moja, naipitisha Calibre nikiwa nimeandika kanuni za kufuta vichwa vya kurasa na nambari kabla ya mistari kuunganishwa. Zikibaki kasoro nazisaka kwenye kihariri: herufi ndogo mwanzoni mwa aya ni dalili kwamba aya ilivunjwa, kistari kikifuatwa na nafasi ni neno lililokatwa.

Ikiwa ni ya safu mbili, kama Gazeti Rasmi la Serikali linalotoka kila Ijumaa, wala sijisumbui kuigeuza EPUB. Kuna programu ya bure iitwayo k2pdfopt ambayo inaukata ukurasa vipande vipande na kuupanga upya kwa upana wa skrini, safu ya kushoto kwanza kisha ya kulia, matokeo yakiwa bado PDF. Unaiambia kifaa chako ni kipi, unaiambia safu ni mbili, basi. Wenye programu ya kusomea ya KOReader kwenye Kobo zao wana kitu kama hicho ndani kwa ndani. Majedwali mapana na hesabu zenye vipeo na mizizi naviacha kama picha, kifaa kikilazwa ubavu. Nimeshaona jedwali la matokeo ya utafiti lililogeuzwa kuwa orodha ya tarakimu zisizo na mwenyewe, heri picha.

Iliyo picha tupu ni safari ndefu. Nanyoosha kurasa kwa ScanTailor, ambayo pia hugawanya kurasa mbili zilizoskaniwa pamoja, kisha naisomesha kwa Tesseract, programu iliyoanzia maabara za HP miaka ya 1980 na kufunguliwa kwa umma mwaka 2005. Inajua Kiswahili, lakini lazima uiambie, na hapa msimbo ni swa, si sw kama kule kwenye EPUB. Ukiacha Kiingereza, inakisia Kiingereza. Ikiwa nakala ilipigwa kwa simu chini ya taa ya manjano, ikiwa na kidole gumba cha mpigaji pembeni, nitakwambia bei na huenda ukaghairi. Skani iliyo wima, pointi 300 kwa inchi, hunipunguzia kazi kwa zaidi ya nusu.

Na kuna nisizozipokea. Vitabu vya kiada na riwaya zinazouzwa madukani leo, zilizopigwa picha ukurasa kwa ukurasa, sigeuzi, hata mteja aniambie yeye ndiye aliyekinunua na anataka tu kukisambaza kwa kikundi cha darasa. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 iko, na watunzi wenyewe tunapanda nao matatu. Nenda kwa wauzaji wa inama, wale wanaotandaza vitabu chini, kule mjini, utakipata kwa bei ya nauli zako za siku chache.

Mwisho ni kuiingiza. Kwa Kindle, zile MOBI za zamani ziache. Amazon wameacha kuzipokea kupitia huduma yao ya kutuma, na tangu mwaka 2022 wanapokea EPUB. Unatuma kwa barua pepe ya kifaa chako, lakini kwanza uiandikishe anwani unayotumia kutuma kwenye akaunti yako, la sivyo faili inakataliwa na wewe unabaki kusubiri ukilaumu bando. Kwa Kobo unachomeka tu kwenye kompyuta na kukopi. Hapo ndipo tunapokwama zaidi dukani, kwa sababu nyaya nyingi zinazouzwa vibandani mjini ni za kuchaji peke yake, hazipitishi data, na kompyuta haioni kitu. Wangu mzuri uliazimwa na haujarudi. Ukija, njoo na Word, na uje na waya wako.